Mtoto wa Mfalme Alichukuliwa na Nani

Kwanza mnisamehe mwandiko, na maneno nitakayoyakosea herufi. Shule yangu iliishia msingi, na mkono wangu umezoea majani ya mkoma ninayosukia vikapu hapa sokoni Lodwar kuliko kalamu. Nimeandika polepole, nikiacha na kurudia. Mbele ya watu mimi sisemi, nyinyi mnaonijua mnajua. Lakini wiki iliyopita nilikaa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, nikatoka na jambo ambalo siwezi kukaa nalo peke yangu.

Enzi zetu kule Kakuma, mhadhara wa bure ulikuwa mhadhara. Siku hizi kijana akisikia neno bure anauliza kwanza kama kuna kuku. Sisi tulienda kwenye banda la kanisa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, mabati yanalia kwa joto, vumbi limejaa hadi kwenye kope, na hakuna aliyetupa hata maji. Mama mmoja wa Kisomali aliuza sambusa mlangoni. Aliyekuwa nazo alikula, asiyekuwa nazo alinusa, na wote tulisikiliza.

Aliyesema mbele alikuwa Mwalimu Faustin, mkimbizi kutoka Kongo, mwenye koti moja la kahawia na viatu alivyovishona kwa waya. Kwao alikuwa amefundisha historia. Hakuna ofisi iliyomtuma wala iliyomlipa. Kila Jumamosi mchana alitueleza habari za Ufaransa: wafalme wao, vyakula vyao, vita vyao. Alianza na habari za dunia, ambazo alizisikia kwa Kifaransa kwenye redio ndogo aliyoiweka sikioni alfajiri. Mtu wa Kakuma ambaye hakuwa hata na viatu alikuwa anajua ni nchi gani imepindua serikali yake. Kijana wa leo ana dunia yote mfukoni, na anachojua ni nani amecheza vipi mbele ya kioo.

Wazee wengi wa Kiturkana hawakujua Kiswahili, sembuse Kiswahili cha Kongo, kwa hiyo katekista alisimama karibu na Mwalimu akatafsiri. Alikuwa mtu wa msimamo. Siku Mwalimu alipoeleza kwamba Wafaransa wanakula chura, katekista alikataa kutafsiri, akasema hawezi kusema uongo ndani ya kanisa. Wamama wa Sudan Kusini waliosikia Kiswahili walishaanza kucheka, na wazee wakadai kuambiwa kinachochekesha. Mwishowe Mwalimu aliapa, katekista akasema. Babu yangu alitema tumbaku, akasema hata mwaka ule wa njaa kubwa, watu walipochemsha ngozi, hakuna aliyemtazama chura. Ila jibini aliielewa upesi. Maziwa yaliyoganda unayoweza kubeba safarini, hapo alisema hao watu hawajapotea kabisa.

Mwalimu alikuwa amepanga mabenchi kwa mistari kama darasani. Wazee waliyatazama mabenchi hayo siku ya kwanza kama mtu anavyotazama punda aliyevalishwa kofia. Wakatoa vigoda vyao vya mti, wakakaa nusu duara, Mawe upande huu na Chui upande ule, kama wanavyokaa kwenye nyama. Kwa asiyejua, kila mwanamume wa Kiturkana huzaliwa upande mmoja kati ya hizo mbili. Baba akiwa Chui, mwanawe ni Jiwe, na mjukuu anarudi kuwa Chui kama babu yake. Wakikaa hivyo, upande mmoja ukisema jambo, mwingine haukubali kirahisi. Ni utani, lakini utani wenye meno.

Basi Mwalimu alipofika kwenye hadithi ya yule mfalme wa Ufaransa aliyeshiba wakati watu wake wanalia njaa, Mawe waliwahi kusema wao ni upande wa wenye njaa. Chui wakabaki na mfalme. Babu alikuwa Chui, na mfalme yule hakumpenda hata kidogo, maana mtu anayekula peke yake ni mtu wa kutemewa mate. Lakini atafanya nini, na Mawe wameshawahi? Jumamosi baada ya Jumamosi alimtetea yule mfalme kwa sauti kubwa na uso uliokunjamana. Hata bombani watu walimtania, "Ejok, mzee wa mfalme, leo umevaa nywele za bandia?" Siku Mwalimu alipotangaza kwamba mfalme amekatwa kichwa, Mawe walipiga makofi, na Chui wakainama kana kwamba wamefiwa. Nyinyi vijana wa siku hizi mnalia timu ya Ulaya ikifungwa, kwa hiyo msitucheke.

Halafu Babu akauliza swali. Mwalimu alikuwa ametaja kwamba mfalme aliacha mtoto mdogo. Babu akasema, baba amekatwa kichwa, mama naye watamkata, sasa huyo mtoto alichukuliwa na nani?

Hapa lazima niwaeleze habari zangu, ingawa naona haya. Baba yangu aliuawa na wezi wa mifugo, na mama akafuata kwa homa. Nilikuwa nalala kwa Babu, mzaa baba, ambaye alibaki na mbuzi wachache na meno machache zaidi. Baba mdogo, ndugu yake baba, alitaka kunichukua. Wakati huo Lokichar ilikuwa imejaa wakandarasi wa mafuta, na kulikuwa na mama mmoja huko aliyetafuta msichana wa kazi. Baba mdogo alisema nitakula vizuri na kulala ndani ya nyumba ya mawe. Kuhusu shule hakusema. Kwa desturi alikuwa na haki, mimi ni mtoto wa ndugu yake, na Babu alikuwa mzee. Shauri lilikuwa limezunguka nyumbani bila kuisha, na baba mdogo alikuwa amekuja akakaa Kakuma kwa ajili hiyo tu. Siku ile alikuwa kwenye banda, upande wa Mawe.

Akasimama. Mtu wa maneno mengi, baba mdogo, na shati lake la Lokichar lenye mifuko minne isiyo na kitu.

"Mtoto anaenda na walioshinda," alisema. "Walioshinda ndio wenye mkate."

"Mtoto anabaki kwa waliomzaa," Babu akajibu.

"Waliomzaa wamekufa, baba."

Wamama wakageuka kunitazama nilipokaa, nami nikatazama vidole vya miguu yangu. Hakuna aliyekuwa bado anafikiri habari za Ufaransa. Ndipo mzee mmoja wa Mawe, pengine kwa kutaka kupoza mambo, akasema shauri hili limewachosha watu, basi lifuate hadithi. Mtoto wa mfalme alipokwenda, na huyu aende huko. Baba mdogo alikubali huku anacheka. Babu alikubali bila kucheka. Na neno likishasemwa mbele ya wazee waliokaa nusu duara, halirudi mdomoni. Wote wakamgeukia Mwalimu.

Katekista alimtafsiria kila kitu, polepole. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akanitazama. Akavaa tena.

"Wapapa," alisema, kama Wakongo wanavyowaita wazee, "hiyo ya mtoto nitaisema Jumamosi ijayo."

Jumamosi iliyofuata alitueleza habari za jenerali mmoja mfupi aliyepeleka jeshi kwenye theluji. Babu akauliza, na mtoto? Jumamosi ijayo. Halafu tukasikia habari za mnara wa chuma. Halafu mashindano ya baiskeli kupanda milima. Halafu jibini tena, aina zake zote, mpaka Mawe wakaanza kunong'ona kwamba Mwalimu hajui. Baba mdogo alisema wazi kwamba huyu si mwalimu, ni mtu wa redio tu, alichokuwa nacho kimeisha. Watoto tulimcheka pia. Tulimfuata njiani tukiimba kwamba Mwalimu amesahau. Yeye alitembea na viatu vyake vya waya, hakugeuka. Kwa mtu aliyepoteza nyumba na nchi akabaki na elimu yake peke yake, sijui aliwezaje.

Siku zilipita. Yule mama wa Lokichar akapata msichana mwingine, na baba mdogo, ambaye huruma yake kwangu ilikuwa kubwa sana, aliisahau huruma hiyo wiki ileile akaenda zake. Mimi nikabaki kwa Babu, nikamaliza shule ya msingi, nikajifunza kusuka.

Baadaye jina la Mwalimu lilibandikwa ubaoni, kwamba amepata kwenda ng'ambo. Asubuhi aliyoondoka tulimsindikiza hadi kwenye basi la uwanja wa ndege. Babu alimshika mkono, akamwambia katekista aulize lile swali mara ya mwisho. Mwalimu alicheka, macho yamejaa maji.

"Jumamosi ijayo, mzee," akasema, akapanda.

Sasa niwaambie habari za ukumbi wa Lodwar. Bango lilisema mihadhara ya bure kuhusu Ufaransa, utamaduni wake, historia yake na mambo ya dunia. Moyo wangu uliruka. Nikafunga vikapu, nikavaa kitenge kizuri, nikaenda.

Viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe mgongoni kama mabibi harusi. Kiyoyozi kilitetemesha watu ambao nje wangeyeyuka. Wakubwa walisalimia wakubwa wenzao kwa Kiingereza mpaka asubuhi ikaisha. Vijana waliokuja walijipiga picha na bango, kisha wakakaa nyuma karibu na mlango ambao chakula kingeingilia. Mhadhiri alikuwa kijana wa Nairobi mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Alirusha picha ukutani, na maandishi yaliyokuwa chini ya picha akatusomea, kana kwamba ukumbi mzima ni vipofu. Mapinduzi yale yote, mfalme, njaa, vichwa, yalipita kabla sijaweka sawa mkoba wangu. Hakuna aliyepiga kofi, hakuna aliyeinama. Kijana wa mbele yangu alikuwa anatazama mpira kwenye simu.

Mhadhiri akauliza kama kuna maswali. Mmoja akauliza kama vyeti vitatolewa leo. Mwingine akauliza nywila ya intaneti. Basi, hayo ndiyo yaliyowasumbua kuhusu Ufaransa.

Nikasimama. Mimi, ambaye sokoni nasubiri mteja aseme bei kwanza. Nikauliza yule mtoto wa mfalme alichukuliwa na nani.

"Manze, huyu anatafuta prinsi," mtu akasema nyuma, na vijana wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Mhadhiri alikuwa anachungulia simu yake. "Alichukuliwa na walioshinda," alisema. "Walimpa fundi viatu mmoja wa upande wao amlee asahau kwao. Baadaye alifungiwa chumbani peke yake, akafa akiwa mtoto. Swali lingine?"

Nilikaa. Sisemi kwamba alikosea. Najua hakukosea. Aliyajua majibu yote, na hakuinua macho aone ni nani anayeuliza. Chakula kikaja, viti vikapinduka, vijana wakapigania maboksi kama mbwa wa machinjioni, na mimi nikabaki pale na kibaridi kile, nikifikiri habari za jibini. Jumamosi zile zote za jibini. Mtu mzima, mwenye elimu, anaitwa mjinga na wazee, anaimbwa na watoto, na mmoja wa watoto hao ni mimi. Angesema neno moja tu la kweli, sifa yake ingerudi na mimi ningekuwa ndani ya lori la Lokichar jioni hiyohiyo.

Jumapili nilikwenda Kataboi, ambako Babu anaishi siku hizi kwa shangazi, karibu na ziwa. Meno yameisha lakini masikio bado. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kilekile, amepakata kikombe cha chai. Shangazi alikuwa amemwambia nimekwenda kwa watu wa Ufaransa. Hata salamu hakungoja.

"Wamesema alichukuliwa na nani?"

"Jumamosi ijayo, Babu," nikamjibu.

Akasonya. Akasema hawa wapya nao ni wavivu kama yule, ila yule angalau alikuwa na redio.

Siku hizi wanaojua ni wengi, na ukumbi una viti vya kutosha. Mimi nalikumbuka banda la mabati lililokuwa na mtu mmoja aliyejua wakati wa kunyamaza. Nyinyi mliokaa pale pamoja nami, mliomwimba njiani, wengine wenu sasa mko Nairobi na wengine ng'ambo zilikokwenda ndege zile. Niandikieni. Msiogope mwandiko, mmeuona wangu. Kama kuna mmoja wenu anayejua Mwalimu Faustin aliko, amsomee barua hii kwa sauti, na amwambie kwamba yule msichana hakwenda Lokichar.