Mkanda wa Mwalimu wa Gofu

Wallahi sikuwa nimelewa, maana sinywi. Sikuwa nimesinzia, maana nilikuwa na kiatu cha mtu mapajani na sindano mkononi. Na haikuwa usiku. Hilo ndilo linalowaudhi watu nikiwasimulia, kwa sababu kila mtu anataka iwe usiku, bundi analia, mbwa wanabweka. Ilikuwa mchana kweupe, Malaba, upande wetu wa Kenya, barazani kwangu, na jua la kiangazi limechoma mabati mpaka yanatoa mlio. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kisha aniache niseme.

Mimi ni fundi wa ngozi. Baba yangu alitoka Mumias akaja mpakani kufanya biashara, nami nikazaliwa hapa. Miaka hiyo ya sabini nilikuwa nashona viatu, mikoba, mikanda, hata mipira ya watoto wa shule. Pia kwenye msikiti wetu mdogo nilikuwa mmoja wa wanaume wanaoosha maiti na kuwavisha sanda. Nayasema haya mapema mjue kwamba mtu aliyekufa si kitu cha kunitisha mimi. Nimewageuza kwa mikono hii.

Sasa, nilikuwa na mteja wa ng'ambo ya mto unaotutenga na nchi jirani, mtu wa kabila la Wapadhola aliyeitwa Owori, mwalimu wa gofu kule Tororo. Alianza utotoni kwa kuwabebea Wazungu mifuko ya fimbo, akaishia kuwafundisha. Gofu mnaijua? Mtu mzima, mwenye gari na nyumba ya mawe, anasimama kwenye nyasi, anakapiga kampira kadogo kama yai la kanga, kisha anakafuata kwa miguu akakapige tena. Ndiyo hiyo. Nilimwambia Owori kwamba kwetu mtu anayezunguka hivyo juani huwa amepoteza ng'ombe. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi aliyonipa ilikuwa ya vifaa vya mazoezi. Kuna fimbo fupi niliyomzungushia ngozi yenye mifereji ya vidole, mwanafunzi akiishika vidole vinakwenda vyenyewe panapostahili, asije akashika kama anashika mchi. Halafu kulikuwa na mkanda wa viwiko. Mikono ya mwanafunzi ikiachana anapozungusha fimbo, mpira unaenda porini. Kwa hiyo Owori alikuwa anamfunga viwiko mbele ya kifua kwa mkanda mpana, wenye chuma cha kukazia, mikono miwili iwe kitu kimoja. Anampigisha hivyo mpaka mwili uzoee, ndipo anamfungua. Nilimshonea kadhaa. Huu ninaousimulia niliutengeneza kwa ngozi nzito ya ng'ombe niliyoinunua Bumala, nikaushona mshono wa msalaba ambao hapa mpakani hakuna fundi mwingine aliyekuwa anaujua.

Mambo yakaharibika ng'ambo. Walio na umri wangu hawahitaji kuambiwa. Wahindi walifukuzwa, Wazungu wakaondoka, na watu wakawa wanachukuliwa mchana kazini kwao wasirudi. Owori akamvusha mkewe Athieno na binti yao mdogo, Achieng, akawapangia chumba nyuma ya soko, karibu na kwangu. Yeye mwenyewe akawa anakwenda na kurudi. Wanafunzi wake sasa walikuwa wakubwa wa jeshi. Walizikuta fimbo zilizoachwa, wakataka na wao waonekane wanacheza.

Mara ya mwisho kumwona mzima alikuja kuchukua mkanda huo. Akaniambia ana mwanafunzi mpya, mkubwa mmoja, mikono yake inatawanyika kama ya mtu anayefukuza nyuki.

"Na yeye utamfunga?" nikamuuliza.

"Nisipomfunga hatajifunza."

"Owori, huyo si meneja wa benki. Mwache apige vibaya."

"Fundi, pale uwanjani wote ni wanafunzi."

Alikuwa mtu mwenye akili zake, lakini linapokuja suala la kazi alikuwa mbishi kupita kiasi. Niliogopa, na nilimwambia wazi kwamba naogopa. Akanipiga bega, akatia mkanda kwapani, akavuka daraja.

Hakurudi wiki hiyo wala iliyofuata. Athieno akawa anapita kwangu kila akitoka sokoni. "Fundi, hujamwona baba Achieng?" Nami namjibu, "Atakuja, mama." Ungemwambia nini? Hakuwa mwanamke wa kulia mbele ya watu. Siku moja aliniambia kwamba hataki makubwa, anataka tu kujua kama asubiri au aomboleze, kwa sababu kufanya yote mawili kunammaliza. Nilimhurumia sana, na sikuwa na la kumsaidia.

Basi mchana ule soko lilikuwa limepoa. Nimeinamia kiatu, nikasikia sauti mbele yangu.

"Fundi, nifungulie."

Nikainua macho, Owori. Amejitupia koti kubwa mabegani, mikono yake siioni, na maji yanamtiririka kutoka kichwani mpaka miguuni. Mvua hatukuwa tumeiona tangu mavuno. Niaminini, sikushtuka. Nilifurahi. Furaha ilinijaa nikarusha kiatu cha watu kule, nikasema alhamdulillahi, mwalimu, mkeo amekonda kwa ajili yako. Nilidhani amevuka mto kwa kuogelea, kukwepa askari wa darajani. Wengi walikuwa wakifanya hivyo.

"Nifungulie," akasema tena.

Nikalitoa koti. Viwiko vyake vilikuwa vimekutanishwa, lakini nyuma, mgongoni, mpaka kifua kimebinuka mbele. Ng'ambo walikuwa na namna hiyo ya kumfunga mtu, na waliofungwa hivyo ni wachache waliobaki kusimulia. Mkanda ulikuwa wangu. Nikauona mshono wangu wa msalaba. Ulimi wa chuma ulikuwa umeingia kwenye tundu ambalo mimi sikulitoboa, tundu limechimbwa kwa ncha ya kisu mbali kabisa na yale yangu, ili mkanda ukaze zaidi ya ulivyokusudiwa.

"Nani amekufanyia unyama huu?"

"Mwanafunzi. Wenzake walimcheka nilipomfunga."

Nikachukua kisu nikate. Akatikisa kichwa. "Usikate. Fungua." Nikafungua, basi. Ngozi ya mkanda ilikuwa imevimba kwa maji, chuma kimekwama, nikasukuma kwa vidole gumba viwili na koleo juu yake. Mikono yake ilikuwa baridi na imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda akifua nguo. Najua mtakaloniuliza. Wewe muosha maiti, hukuutambua ubaridi ule? Nawajibu hivi: maiti niliowaosha hawakuwa wakinitazama usoni wakiniita fundi. Ningejuaje?

Mkanda ukaachia. Mikono haikuja mbele mara moja. Ilikaa nyuma vilevile, kisha ukaja mmoja, kisha mwingine, polepole sana. Akaikutanisha mbele yake kama aliyeshika fimbo, akavikagua vidole kimoja kimoja.

"Mshiko uko sawa," akasema. Halafu akaniangalia. "Asante, fundi. Sasa naweza kwenda kwangu."

Akashika njia ya sokoni. Nikageuka nimwokotee koti lake, koti halipo. Nikamtazama tena, naye hayupo, ingawa njia ile ni wazi na haina kona. Nikajiambia amepita kwenye vibanda. Mkanda nilikuwa nao mkononi, unadondosha maji. Nikautundika msumarini na jioni ile sikwenda kwao, nikasema mtu na mkewe waachwe.

Asubuhi akaja Ochwo, mdogo wake Owori, amevuka kwa njia za panya, macho mekundu. Akaniambia nikae. Nikamwambia sikai, leo ni siku ya furaha. Akasema, "Fundi, ndugu yangu yumo mtoni. Chini ya daraja, upande wa kwetu kule ng'ambo, kwenye mafunjo. Tunamwona kila siku. Askari hawataki tumtoe. Wamesema atakayemgusa atalala naye. Bado amefungwa, mikono nyuma."

Nilinyoosha tu kidole kwenye msumari. Mkanda ulikuwa bado unatona, na chini yake sakafu imefanya kidimbwi. Ochwo alimfahamu ndugu yake na vitu vyake. Alikaa chini palepale kwenye vumbi akajifunika uso.

Hapo ndipo baridi iliponipanda, na nitawaeleza kwa nini. Sisi tukimvisha mtu sanda tunamfunga, kichwani, kiunoni, miguuni. Vifundo hivyo tunavifungua, lakini tunavifungulia ndani ya kaburi, akishalazwa, kabla ya udongo. Sijawahi kuona mtu akivifungua nyumbani. Baba yangu alinifundisha hivyo na sikuwahi kumuuliza sababu. Owori hakuwa Muislamu, wala ule haukuwa mkanda wa sanda. Lakini alikuwa maiti, hajazikwa, na mimi nimemfungulia juu ya ardhi na kumwacha aende kwake.

Tulikwenda mbio. Athieno alikuwa nje anasonga ugali, sufuria kubwa. Amejipaka mafuta, amefunga kitambaa kipya kichwani. Ochwo akaanza, "Shemeji, tumekuja na habari mbaya," na mwanamke akamkatiza kwa upole.

"Punguza sauti. Baba Achieng amelala. Alifika jana amechoka."

Ochwo akasukuma mlango. Kitandani hapakuwa na mtu. Blanketi lilikuwa limelowa, na lina harufu ya tope la mtoni, harufu ninayoisikia mpaka leo nikipita darajani. Nyuma ya nyumba Achieng alikuwa anacheza na kijiti. Mtoto hajafika umri wa kwenda shule, lakini alikuwa amekishika kwa vidole vilivyopangwa vile vile kama kwenye fimbo yangu ya mifereji, viwiko vimebana pamoja, anakizungusha. Hakuwahi kufundishwa hayo, Owori alikuwa akisema ataanza akikua kidogo. Nikamuuliza nani amemwonyesha.

"Baba. Leo asubuhi."

Ochwo alimweleza shemeji yake kila kitu. Mto, mafunjo, mikono. Alieleza huku analia. Athieno alimsikiliza, ugali unaungua, kisha akanigeukia mimi. Nilitaka kumwambia kwamba sasa amejua, kwamba aomboleze, kwamba sisi tupo na tutamsaidia yeye na mtoto. Hakunipa nafasi.

"Ameniambia ni wewe uliyemfungulia," akasema. "Mungu akubariki, fundi. Ningekuwa bado nasubiri."

"Mama Achieng, yule usikae naye. Hajazikwa. Kama akikuita mahali, nakusihi usiende."

"Anasema hiki chumba si nyumbani," akanijibu. "Na mimi nimekuwa nikisema hivyo hivyo."

Tuliweka watu wa kumwangalia. Majirani wanawake walilala kwake kwa zamu, na kila mmoja alitoka akisema hakuona mtu ila nguo zake mwenyewe zimepata unyevu. Ochwo alikwenda Kocholia kumtafuta mchungaji wa kanisa lao. Na asubuhi moja, soko limejaa, watu wanatoka ng'ambo na magodoro vichwani wakikimbia, Athieno akapita katikati yao akielekea kule wanakotoka. Nilimwona nikiwa barazani. Amebeba mzigo wake kichwani, anaongea na kucheka, uso umeelekea kulia kwake kama mtu anayemsikiliza mwenzake. Kulia kwake hapakuwa na mtu.

Nilikimbia mpaka kwenye geti la darajani nikaita. Aligeuka akanipungia mkono kwa furaha kabisa. Achieng hakupunga. Mkono mmoja ulikuwa umeshikwa na mama yake, na ule mwingine ulikuwa juu, hewani, umefika kimo cha mkono wa mtu mzima, na vidole vimejikunja. Askari wetu walinizuia. Nilipigana nao, na sikupita.

Askari wa ng'ambo walipohamishwa pale mtoni, Ochwo na jamaa zake waliingia kwenye mafunjo kumtoa Owori. Alikuja kuniambia yeye mwenyewe, kwa sababu aliona nina haki ya kujua. Mikono ya ndugu yake haikuwa nyuma tena. Ilikuwa mbele, imekumbatia, na hawakumtoa mtu mmoja. Waliwatoa watatu, wakawazika Tororo kaburi moja, maana mikono ile haikukubali kuachanishwa.

Sijashona mkanda tena tangu hapo. Viatu nashona, mikoba nashona, ukiniletea mkanda nakuelekeza kwa fundi mwingine na sikuelezi kwa nini.

Lakini wewe nakueleza. Ukiwa na mtu wako aliyepotea, na unamsubiri, halafu atokee mchana amelowa na jua linawaka, akuombe umfungulie, usimfungulie. Muulize amelala wapi. Nenda ukamtoe huko hata kwa hatari, umzike, na ndani ya shimo lake ndimo umfungulie. Ukimfungulia huku juu atakushukuru. Mkewe naye atakushukuru. Mimi walinishukuru wote.