Mshamu Saadi si Saadi Mshamu

Mume wangu ni Saadi Mshamu. Mwanangu wa kwanza nikampa jina la babu yake, kama tunavyofanya wote huku, akawa Mshamu Saadi. Mshamu likitangulia ni mwana, Saadi likitangulia ni baba. Hata mbuzi wa kijijini kwetu Maparoni wanajua.

Mshamu hakuwa na makuu. Mpunga ukichanua anahamia dunguni, kile kibanda chetu cha juu ya miti, anafukuza ndege na nguruwe mpaka mavuno. Mkewe kamkimbia kwa hilo. "Kaoa mpunga huyu," kasema. Hakukosea.

Mwaka ule mto ukapanda. Boti ikatutoa mimi na mzee wangu Saadi, miguu haimbebi, ikatuleta kambini Kibiti. Mshamu akabaki dunguni asubiri kufuatwa. Mwandikishaji alikuwa Nurdini, mtoto wa kaka yangu, kasomea kompyuta Dar, programu ya kwenye simu kaitengeneza mwenyewe.

Nikamwambia, "Muandike Mshamu Saadi, yuko dunguni, wamfuate."

Akaandika. "Shangazi, huyu keshaokolewa. Yumo humu humu kambini."

Nikafurahi, mjinga mimi! Kutwa nzima nazunguka mahema namuulizia. Boti nayo ikapita Maparoni, haina habari naye. Walipomwendea siku ya tatu, baada ya mimi kumkosa, dungu halipo. Walimkuta amenasa kwenye mikoko.

Tulipomaliza kuzika, Nurdini akaja analia. Nikamwambia, "Kilio weka pembeni, nieleze."

Akasema simu haipekui majina elfu tatu moja moja, itachelewa. Kila herufi ina namba yake. Inachukua ya kwanza, inazidisha, inaongeza ya pili, inazidisha tena, hivyo hivyo mpaka jina liishe. Inatoka namba moja, na namba hiyo ndiyo inaonyesha jina limewekwa chumba gani humo ndani ya simu.

"Hiyo ni namba ya siri ya nini?"

"Si ya siri, Shangazi. Ni ya wepesi tu."

"Na mwanangu?"

Akainama. "Kuzidisha niliacha. Nilijumlisha tu."

Nikaelewa, japo shule niliishia la pili. Ukijumlisha tu, herufi za Mshamu Saadi na za Saadi Mshamu ni zile zile, jumla moja; simu ikamwona baba aliyekwisha kuandikwa, ikadhani ndiye mwana. Kule kuzidisha ndiko kunakojua nani katangulia, kama tui jepesi na tui zito: ukigeuza zamu, wali si ule.

"Kwa nini uliacha?"

"Iende haraka."

"Ilikuwa inawahi wapi?"

Nikambana mpaka akatoa kosa la pili: hata ukizidisha, majina mawili yanaweza kuangukia chumba kimoja, kwa hiyo lazima ufungue usome jina lenyewe lililomo. Hilo nalo hakulifanya. Mtoto wa Rufiji, anajua tunavyoitana!

Juzi kaja tena. Karekebisha, kanionyesha: baba namba yake, mwana namba yake. Mbele ya jina la Mshamu pameandikwa "ameokolewa."

"Hii ndiyo nini?"

"Ilibaki, Shangazi. Niifute?"

"Ifute hapa hapa, nakutazama."

Akaifuta. Mzee Saadi keshamsamehe, wanakula sahani moja. Mimi salamu yake naiitikia kwa sababu ni faradhi. Zaidi ya hapo asinitegemee.