Sondi Mbili kwenye Kamba Moja

Hakuna anayesafisha sondi yake mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria yetu sisi tunaopima Ziwa Kivu, na sijaiona imeandikwa popote. Sondi ni bomba la chuma refu kama mkono, lenye vipima joto na chumvi ndani yake. Sisi wa Gisenyi, upande wa Rwanda, tunasafisha ya wenzetu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, wao wanasafisha yetu, kisha zote mbili zinafungwa kwenye kamba moja na kushushwa pamoja mpaka matopeni chini, kule ilikolala gesi inayoweza kuua miji yote miwili siku ikipanda. Zikipanda zimesema neno lilelile, tunaziamini. Ukiisafisha yako mwenyewe, kesho atatokea mtu wa kusema umeipikia majibu.

Niliwahi kupelekwa mafunzoni pwani, nikakaa na watu wanaopima bahari za dunia. Wana meli ambazo ukiziegesha hapa zitaziba jua la mtaa wetu wote wa Nengo, na bado wanafanya kama sisi: meli ya nchi hii na ya nchi ile zinakutana katikati ya maji, zinashusha vyombo vyao, zinalinganisha. Mwalimu alituambia bahari inabadilika kidogo kidogo, miaka na miaka, kwa hiyo unayepima leo lazima uaminiwe na mtu ambaye bado hajazaliwa. Nilicheka peke yangu, nikimkumbuka mzee wangu wa Goma. Yule haamini hata saa ya ukutani mpaka akaulize ya jirani.

Mzee huyo ndiye mwenzangu wa ng'ambo tangu nianze kazi. Mimi nilizaliwa upande wake, nikarudi Rwanda na wazazi nikiwa msichana, na Kiswahili changu kikichanganyikana na cha shuleni ananicheka: "We unasema kama redio." Mikutano ya wakubwa, yenye chai na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, ilikuja ikapita. Sisi wawili tuliendelea kukutana ziwani.

Halafu mambo ya Goma yakaharibika na mpaka ukafungwa. Ofisi yake ilibaki bila mlango. Aliibeba sondi akaenda kuilaza nyumbani chini ya kitanda, na kila wakati wa kupima ulipofika alikodi mtumbwi wa wavuvi akaishusha peke yake, milio ya risasi ikisikika mjini. Nilimwambia kwenye simu kwamba amerukwa na akili. Alinijibu kwamba gesi haijui kama kuna vita.

Lakini sondi ikikaa muda mrefu bila kulinganishwa inaweza kupotoka, na mwenyewe asijue. Kwa hiyo wakubwa, wa huku na wa ng'ambo na wale wanaotusaidia kutoka nje, walikubaliana: vipimo vyote alivyochukua peke yake vitatupwa, isipokuwa sondi yake ikilinganishwa na yetu ikakutwa sawa. Alivyohatarishia roho yake vingefutwa kama makosa ya mtoto kwenye ubao. Nilikasirika mpaka nikamjibu mkuu wangu vibaya.

Kibali cha kukutana kilipotoka, niliondoka na boti asubuhi kutoka Nyamyumba, gatini kwetu. Mzee alikuwa ameshafika kwenye mstari wa mpaka, yaani pale tunapokubaliana kwamba pana mstari, maana maji hayana alama. Alikuwa amekonda. Tulifunga boti zetu ubavu kwa ubavu, tukazima injini ili kamba inyooke. Safari hii ilikuwa zamu ya roda yake, ile ya kuzungusha kwa mkono, kwa hiyo kamba ingeshuka kutoka boti yake. Tulibadilishana sondi, na ndipo upepo ulipoanza.

"Acha kusafisha, tushushe mbio," alisema. "Leo siko na raha."

Kwa hiyo tulizishusha bila kuzisafisha, jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Zilikuwa zimeshazama mbali sana boti ya doria ya upande wetu ilipotokea. Afande aliyesimama mbele alisema kwa Kiswahili, ili mzee naye asikie.

"Mmeshavuka. Tenganeni sasa hivi."

Niligeuka kuangalia vilima, na kweli upepo ulikuwa umetusukuma ng'ambo. Nilimwonyesha kibali, nikamwomba atupe muda tuvute kamba. Alikataa. Nilimwona macho yake hayatulii, yanaenda ufukwe wa Goma na kurudi, na nikaelewa kwamba anaogopa kuliko mimi. Mtu mwenye bunduki anayeogopa si wa kubishana naye, nami kubishana ndiyo kazi yangu ya pili.

"Tukivuta sasa tutakosa habari ya chini," mzee alisema polepole, mkono kwenye roda. "Na ya chini njo nilikuya kutafuta."

Simu yangu ikaita. Mkuu wangu alikuwa amepigiwa na doria. "Rudi," alisema. "Na usirudi bila sondi."

Mzee hakuniomba kitu. Angeniomba, ningekataa, ndivyo nilivyo. Aliendelea tu kuteremsha kamba, taratibu, kama mtu aliye peke yake. Nilifungua fundo lililoshika boti yangu na yake, nikaisukuma boti yake kwa mguu. Mali ya serikali ikabaki ikining'inia kwenye kamba ya nchi nyingine, nami nikarudi Nyamyumba na sanduku tupu.

Siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Mkuu aliniandikia barua ya kujieleza. Ujumbe niliomtumia mzee ulibaki na alama moja ya kijivu. Nilikasirika naye, nikamwogopea, nikakasirika tena. Usingizi ulinikimbia. Mpaka ulipofunguliwa kidogo kwa wachuuzi, jirani yangu anayeuza karoti Goma alirudi akisema mtaa wa mzee hauingiliki.

Halafu nikapigiwa simu kutoka Petite Barrière, kivuko cha mpakani: kuna mzee ameleta mabomba mawili, wanataka kujua kama ni silaha. Nilipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, bila hata kuuliza bei.

Mzee alikuwa amesimama ng'ambo ya kizuizi, hawakumruhusu kuvuka. Sondi zote mbili zilikuwa mezani kwa afisa wa forodha. Yangu inang'aa. Yake ina matope yaliyokauka mpaka mdomoni.

"Kwa nini ameleta na ya kwake?" afisa aliuliza. "Si angebaki nayo?"

Nilifungua kompyuta palepale, nikachomeka waya kwenye sondi moja, kisha kwenye ya pili. Mstari wa vipimo vya yangu ukashuka kwenye kioo. Kisha wa vya yake. Nilifuata kutoka juu, katikati, chini, chini kabisa. Mstari ulikuwa mmoja. Nilivuta picha karibu nikitafuta wa pili, nikaukuta umelala juu ya mwenzake.

Kelele za wachuuzi zilikuwa nyingi, nisingesikika. Nilisimama, nikainua mikono yangu miwili, nikalaza kiganja juu ya kiganja.

Mzee alikaa chini, kwenye ukingo wa barabara, katikati ya mabeseni ya watu. Alifunika uso. Mama mmoja mwenye nyanya alimshika bega akidhani amefiwa.

Alipoinuka hakunishukuru. Alinyoosha kidole kwenye sondi yake, akapaza sauti mpaka askari wakageuka: "We mama! Yangu iko chafu bado!"

Nilimwomba afisa beseni la maji na kitambaa. Nikapiga magoti penye foleni ya forodha, nikaisafisha, machozi yakidondoka humohumo, naye akinisimamia kwa macho kutoka nchi yake.