Gita Tulilolichagua kwa Taya

Ninyi mliokulia Bunia pamoja nami mtanishuhudia: enzi zile muziki haukutoka mfukoni. Ulitoka kwenye radio moja iliyotosha mtaa mzima, na ukitaka wimbo urudi, ulichomeka kalamu kwenye kaseti ukaizungusha mpaka kidole kikauma. Siye wasichana wa mtaa wa Bigo tulicheza nzango, tukiruka na kurushiana miguu mpaka vumbi jekundu litufike magotini. Halafu tulikula fufu na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwenye sinia moja, watoto wa kwetu na wa jirani, na aliyechelewa alilamba sinia. Watoto wa leo ukiwapa sombe wanauliza kama kuna mayonezi.

Radio ya kwetu baba aliinunua imeshatumika, imetoka Uganda, muda mfupi kabla ugonjwa haujamchukua. Ndani tulikuta kaseti iliyosahauliwa, haina jina. Ilikuwa magita matupu, hakuna anayeimba. Yalikimbia, yakatetemeka, sauti yake imelowa kama kitu kilichotolewa kisimani. Mwalimu wetu wa jiografia alisema huo ni muziki wa vijana wa nchi za bahari, wanaosimama juu ya ubao na kuteleza juu ya mawimbi. Tulicheka sana. Mawimbi tuliyoyajua yalikuwa ya ziwani, kule Kasenyi, na huko mtu akisimama juu ya ubao, ndugu zake wanaitwa waje kumtafuta. Lakini kaka yangu mkubwa, yaya Dido kama tunavyowaita wakubwa zetu, hakucheka. Alichukua bidoni, dumu tupu la mafuta, akaifunga waya za breki za pikipiki ziwe nyuzi, akaanza kuzitafuta zile sauti moja moja.

Halafu vita ikatukuta. Sitaisimulia yote, mnaijua. Watu waliokimbia vijiji vya Djugu waliingia mjini na magodoro vichwani, shule ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Vijana wa rika la Dido wakaanza kuonekana na bunduki. Wengine walichukuliwa kwa nguvu, wengine walijipeleka, maana nyumbani hapakuwa na masomo wala chakula. Dido alikuwa na miaka kumi na sita. Jioni moja mama alimkuta barabarani na rafiki zake wa zamani, mmoja akimwonyesha namna bunduki inavyoshikwa. Mama hakupiga kelele. Alimrudisha nyumbani, akaketi, akasema: "Mukono yenye haina kitu, watu wataiwekea kitu. Ya mwanangu nitaiwekea miye."

Mama alikuwa anauza vitenge sokoni, na hata vita haikumzuia kupanda lori kwenda Aru, mpakani, kuchukua mali. Huko gita la umeme lilipatikana. Shida ni kwamba Dido hangeweza kwenda, kijana wa umri wake asingevuka hata bariyeri ya kwanza ya wenye bunduki barabarani. Mama naye hakujua gita linatofautianaje na lingine. Basi kazi ikaniangukia mimi, Furaha, msichana wa miaka kumi na miwili nisiyejua kupiga hata noti moja, kwa sababu tu kaseti ile niliijua yote kwa kichwa.

Dido alinifundisha kwa bidoni yake. "Usiangalie rangi," aliniambia. "Tafuta yenye iko na springi mu tumbo, na kafimbo ka chuma karibu na daraja yenye nyuzi zinalalia. Ukikabonyeza, sauti inayumba. Piga uzi karibu na daraja, itoe sauti nyembamba, ya kukata. Na kama hakuna umeme, weka taya juu ya mbao. Utasikia na mufupa." Nilirudia maneno hayo njia nzima kama katekisimu, nikiwa juu ya magunia ndani ya lori.

Muuzaji wa Aru alikuwa na magita mawili. La kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa, vifungo vyake rangi ya dhahabu. Mama alilipenda hapo hapo, na mimi, niseme ukweli, nililipenda kumshinda mama. La pili rangi yake ilikuwa ya chai iliyolala, limebanduka pembeni, na ukilitikisa kitu kinalia ndani. Muuzaji alikuwa amelisukuma nyuma kwa aibu. "Ile acha, mama. Iko na kitu imevunjika mu tumbo."

Umeme haukuwako. Niliweka taya kwenye lile jekundu, nikapiga uzi. Ilikuja sauti nene, tamu, ya kuchezea rumba, ikafa palepale. Nikaomba lile la chai. Muuzaji alicheka, akaita majirani waje wamwone binti anayeuma gita. Mama akamgeukia taratibu. "Muache mutoto aume. Siye ndiyo tunanunua."

Nilipiga uzi karibu na daraja, kisha nikaukamata. Uzi ulinyamaza, lakini springi ziliendelea kulia tumboni, nyembamba, zimelowa, mpaka nikazisikia kwenye meno. Ilikuwa ile kaseti kabisa. Kafimbo tu kalikuwa kamepotea, pamebaki tundu. Nilipiga tena kuhakikisha, maana nilijua nikikosea, Dido atalijaribu gita mara moja, ataliweka chini, na atatoka kwenda kwa wale wenzake. "Mama, ni hii," nikasema. Mama alilitazama lile jekundu mara ya mwisho, akafungua furushi la vitenge vyake vya kupendeza kuliko vyote, akamwachia muuzaji.

Njiani, kwenye bariyeri moja, mwenye bunduki alifungua mzigo wetu. Alikuwa mdogo kuliko Dido. Alipiga uzi kwa kidole kimoja, akatabasamu, akapiga tena. Mwenzake akamwita kwa ukali. Alilifunika gita yeye mwenyewe, vizuri, kama anafunika mtoto aliyelala, akatuambia tupite. Mama sikuwa nimemwona akilia tangu msiba wa baba, lakini siku ile alilia.

Nyumbani Dido alilitikisa gita, akasikia springi, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Kafimbo alikatengeneza kwa chuma cha breki cha baiskeli ya marehemu baba, na mama ndiye aliyeishika baiskeli wakati Dido anakata. Aliunganisha spika kuukuu na betri ya gari, akaielekeza ndani ya pipa tupu, sauti ikatoka imelowa vilevile.

Rafiki zake wakaja kumwita. Walisimama uani na bunduki zao, wakasikiliza, wakaucheka muziki usio na mwimbaji. "Dido, kuya tuende." Mama aliweka kiti mlangoni, akaanza kuchambua sombe. "Hawezi. Iko na repetisyo, anafanya mazoezi." Wakarudi kesho yake. "Iko na repetisyo." Mmoja akauliza repetisyo ya nini, konseri iko wapi mu hii vita. Mama hakuinua macho. "Konseri ni siku vita itaisha. Ndiyo maana anaanza sasa." Wangeweza kumchukua kwa nguvu, tulijua hivyo. Lakini walikuwa wamekula kwenye sinia yetu, na mama alimwita kila mmoja kwa jina la utotoni. Wa mwisho kuja aliomba maji, akanywa, akaenda. Hatukumwona tena.

Jioni ya kwanza tuliyoamini kwamba mji umetulia, Dido alipiga nyimbo zote za kaseti. Alipomaliza mama akasema: "Aksanti, mwanangu. Sasa vita imeisha, piga kitu iko na maneno. Hii ya kwako imenichosha masikio tangu siku ya kwanza." Kumbe miezi yote ile, pale mlangoni, hakuwa ameupenda muziki ule hata kidogo. Tulicheka mpaka tukalia.

Mama ametuacha sasa. Mwanangu ana simu yenye sauti za magita yote ya dunia. Anabonyeza la mawimbi, anabonyeza la rumba, na kabla wimbo haujafika katikati amebadilisha. Simgombezi, ingawa nayakumbuka yale masikio yetu yaliyosubiri. Juzi akaniuliza kwa nini tulihangaika hivyo kwa ajili ya gita moja bovu. Nikamwita Dido, mwenye kipara siku hizi, nikamwambia mwanangu amshike mjomba wake mikono. Ncha za vidole ni ngumu kwa sababu ya nyuzi. "Ni nyuzi tu," nikamwambia. "Hiyo mikono haijawahi kushika kitu kingine."