Mrushaji Anayekosa

Kwenye foleni ya mizani ya kahawa, Muleba, walimu wawili mbele yangu walibishana kuhusu nani aachwe timu yao ya mpira wa kikapu ikienda Mwanza.

"Namwacha yule mrefu," alisema mmoja wao, kocha. "Akirusha mara kumi, nane anakosa. Bepari yule, anahodhi mpira!"

"Waitu, ndugu yangu, wanaomkaba ni wangapi?" mwenzake aliuliza, akimwekea kiganjani kahawa za kutafuna.

"Watatu."

"Basi hao wajamaa wako wengine wanafunga kwa sababu hawana wa kuwakaba."

Kocha alitupia punje moja mdomoni. "Haya, aende."

Nilimkumbuka marehemu mume wangu, Mungu amrehemu; hakushika jembe sana. Alikaa barazani akitazama watoto wakilima. Tangu tumzike, watoto ni walewale, majembe ni yaleyale, na migomba imezama kwenye magugu.