Mgeni wa Kizingo

Nilipokuwa darasa la saba nilikuwa na nyumba mbili. Moja ilikuwa Kizingo, mtaa wa matajiri wa Mombasa, nyeupe, yenye bustani, geti la chuma na mbwa mkali. Ya pili ilikuwa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, na bustani yake ilikuwa mkebe mmoja wa mrehani dirishani. Hiyo ya pili ndimo nilimokuwa nikilala. Ya kwanza niliizua.

Wallahi sikukusudia ubaya. Skuli yetu ilikuwa Kizingo, na msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa mkaazi wa huko kweli, babake ana duka la vitambaa mjini. Siku ya kwanza akaniuliza nakaa wapi. Nilifungua mdomo niseme Kibokoni, mdomo ukasema, "Pale, nyumba ile nyeupe." Basi. Neno likishatoka huna pa kulirudisha.

Kutoka siku ile, kila alasiri tulitoka pamoja, nikasimama kwenye geti la "kwetu," nikampungia mkono mpaka akapinda kona, ndipo nikashika njia ya Ngome kurudi nyumbani kwa miguu. Rafiki yangu alikuwa mwoga wa mbwa, na ndiyo sababu nilimzulia mbwa, asije akataka kuingia. Bawabu wa nyumba ile, mzee wa Kidigo mwenye subira ya ajabu, hakunifukuza hata siku moja. Siku moja rafiki yangu akamwuliza, "Mzee, mbona mbwa hatumsikii akibweka?" Mzee akajibu bila kupepesa macho, "Amelala."

Nyumba ya kweli ilikuwa ya bibi yangu, mamake mamangu, aliyenilea tangu nina miaka mitatu. Ngazi zake zilikuwa za mbao, na kidato cha tisa kilikuwa kimelegea tangu kabla sijazaliwa. Fundi aliahidi kuja Jumamosi. Jumamosi ipi, hakusema. Sisi wenyewe tulikiruka bila kufikiri, hata tukiwa na ndoo ya maji kichwani, maana miaka ile ya tisini mifereji ya mji ilikuwa ikikauka wiki nzima na maji tukiyateka kisimani kwa jirani.

Bibi alikuwa na vikombe sita vya kauri vyenye ukingo wa dhahabu, vya harusi yake. Vilikaa ndani ya kabati la vioo na vilikuwa vya wageni peke yao. Kazi yangu ilikuwa kuvipangusa vumbi kila Ijumaa, pumzi nimeibana. Chai yangu mimi niliinywa kwenye kikombe cha bati kilichobambuka rangi.

Sasa, mwalimu wetu wa historia alikuwa mtu wa bara, mwenye miaka miwili tu Mombasa, na aliupenda mji huu kupita sisi wenyewe. Akatutangazia ziara ya elimu: tutatembea Mji wa Kale tujionee jinsi tamaduni zilivyochanganyika. Akatugawia karatasi yenye safu nne: Waarabu, Wahindi, Wareno, Waafrika. Kila tutakachokiona tukiandike kwenye safu ya wenyewe. Mwisho wa safari, akasema, tutaingia nyumba ya asili, kwa bibi mmoja waliyeonana naye sokoni Marikiti kwenye duka la viungo. Bibi huyo alimkosoa namna ya kuchagua iliki, kisha akamkaribisha kwake na darasa zima.

Sikushtuka. Mji wa Kale una mabibi wangapi wanaokosoa watu Marikiti? Wote.

Jioni ile ya kuamkia safari nikamkuta bibi jikoni, unga hadi viwikoni. "Darasa lako lakuja kwangu kesho," akasema, uso umemng'aa. "Mwalimu wako nimemwambia nyumba ni yenu. Lakini sikumwambia kama wewe u wangu. Hilo nimekuwekea wewe. Nataka unitambulishe mwenyewe, mbele ya wenzio, nikusikie."

Usiku ule nikaanza kupanga ugonjwa.

Asubuhi nikawa mgonjwa. Nililalamika kichwa, nikaongeza tumbo, nikamalizia na goti. Bibi akanitazama, akasema hili ni jicho la hasidi, akaleta mvuje. Asiyeujua mvuje amshukuru Mungu. Ni utomvu wa dawa, unanuka kiasi cha kumfukuza shetani na jirani yake. Akanipaka nyuma ya masikio na kwenye utosi, na alipotaka kuninywesha, nikapona papo hapo, goti na vyote. Nikaenda skuli nikinuka.

"Kuna kitu kimekufa?" rafiki yangu akauliza tulipopanga mstari.

"Labda mtaro," nikasema.

Tukaenda, wanafunzi ishirini na tano, mwalimu mbele na kofia yake ya jua. Rafiki yangu alinishika mkono, akanionea huruma kwamba mimi wa Kizingo sijazoea vichochoro. Nilitembea karatasi iko usoni. Kila kichochoro kilikuwa changu. Kila paka alinijua.

Mwenye duka la mafuta ya taa, baba mmoja wa Kihindi aliyenijua tangu udogoni, akaniona. "Ala! Leo umekuja na jeshi zima? Bibi hajambo?"

Nikageuka nyuma, kama mtu anayetafuta anayesemeshwa.

"Anakujua?" rafiki yangu akauliza.

"Watu wa huku humsalimu kila mtu," nikasema. Mwalimu akasikia, akafurahi, akatuamrisha tuandike "ukarimu." Ukazuka mzozo mkubwa wa safu gani. Mvulana mmoja akaupeleka kwa Wareno, na mwalimu akamwuliza kama aliwahi kuiona Ngome waliyoijenga ina mizinga mingapi.

Tukafika. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga leso mpya ambayo haijafuliwa bado, wanja machoni. Alinitafuta kati ya vile vichwa ishirini na tano. Akaniona, akatabasamu, akangoja.

Kwetu mtoto akimkuta bibi yake humbusu mkono. Nilichotakiwa kufanya ni hatua nne na busu moja. Rafiki yangu alikuwa amening'inia mkononi. Nikasimama palepale nilipo, nikasema pamoja na wenzangu, kwa sauti ya darasa, "Shikamoo, bibi."

Akanitazama. Akautazama mkono wa rafiki yangu katika mkono wangu. Rafiki yangu, Mungu ambariki, akataka kunisaidia: "Huyu anakaa Kizingo, bibi. Nyumba kubwa, ina mbwa. Hajazoea huku."

Bibi yangu hakuwahi kumwaibisha mtu mbele za watu. Alikuwa akisema hata mwizi mshike, lakini msitiri. "Kizingo!" akasema taratibu. "Mashallah. Marahaba, mwanangu. Karibu."

Ningalilimwa kofi ningalishukuru.

Mwalimu akaanza na mlango, mlango wetu mkubwa wa nakshi, akaupapasa kwa mapenzi. "Bibi, sasa hii mlango ni ya nani? Ya Waarabu ama ya Wahindi?"

"Mlango ni wangu," bibi akasema. "Kwani wautaka?"

"Hapana, bibi, nauliza asili."

"Asili yake ni ukutani hapo. Haujatoka."

Tukapanda. Kidato cha tisa kikafanya kazi yake: mwalimu akajikwaa, kofia ikashuka ngazi peke yake, na nyuma yake darasa zima wakajikwaa mmoja mmoja, kila mmoja akimcheka aliyetangulia mpaka zamu yake ikafika. Mimi mguu wangu haukuniuliza. Ukaruka. Rafiki yangu, ambaye alikuwa ameanguka kwa magoti, akainua uso akautazama mguu wangu.

Juu, watoto wakakaa mikekani. Mimi nikakaribishwa kwenye kiti cha kusuka, kile cha babu, ambacho kwa kawaida nikikikalia nafukuzwa. "Njoo, mwanangu, keti hapa. Watu wa Kizingo hawawezi kukaa chini." Kisha akafungua kabati la vioo. Wenzangu wakapewa chai kwenye bilauri na vikombe vya bati. Vikombe vya dhahabu vikatoka viwili: kimoja cha mwalimu, kimoja changu.

Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Nilikishika kwa mikono miwili, chai ikapoa humo.

Mwalimu akarudi kwenye karatasi yake. Akamwuliza bibi asili yake yeye ni wapi, nasi tukashika kalamu. "Babake babangu katoka Hadhramauti," bibi akaanza, na sote tukaandika safu ya kwanza. "Mkewe Mdigo, watu wa Tiwi." Safu ya nne. "Mamangu kwao Barawa, lakini nyanyake mamangu Mbaluchi." Kalamu zikasimama. Mbaluchi hakuwa na safu. "Na huyo Mbaluchi alilelewa na Wahindi, ndiyo maana achari yangu haina mfano mji huu mzima."

"Sasa tuandike wapi, bibi?" mwalimu akauliza, jasho linamtoka.

"Andikeni Kibokoni."

Wote wakacheka, na mwalimu akacheka kuliko wote, akazipiga mistari zile safu zake nne. Kisha bibi akanigeukia mimi, kwa upole wa mwenyeji kwa mgeni. "Nawe mwanangu, waitwa nani?"

Nikataja jina langu. Ni jina lake. Alinipa yeye, siku ya saba, akaninong'oneza mwenyewe sikioni.

"Jina zuri. Kakupa nani?"

"Bibi yangu."

"Yu hai?"

Chumba kilikuwa kimetulia, watu wanatafuna mahamri. Ningaliweza kusema pale pale. Macho ya rafiki yangu yalinichoma shavuni.

"Yu hai," nikasema.

"Alhamdulillahi. Basi msalimu sana."

"Zimefika," nikajibu, kama mpumbavu.

Alasiri nilirudi nyumbani kama mwizi. Mlango ulikuwa wazi. "Karibu, mgeni," bibi akasema, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililoniua. Kiti cha babu kilikuwa kimewekwa tayari. Chai ikaja ndani ya kikombe cha dhahabu.

"Bibi," nikaanza.

"Ulimpa bibi yako salamu zangu? Alisema nini?"

Nilishika ndoo niende kisimani, akaninyang'anya: mgeni hateki maji. Nilikusanya vyombo, akanikalisha: mgeni haoshi vyombo. Ukimwambia mtoto wa miaka kumi na mitatu kwamba hatafanya kazi yoyote na atakunywa chai kwenye dhahabu, atadhani ameingia peponi. Mimi nililia usiku kucha, kwenye shuka za wageni zinazonuka karafuu. Asubuhi akanipa kisahani cha mkate wa mayai, akaniuliza nyumbani kwetu Kizingo huwa nakula nini. Ijumaa ile vikombe alivipangusa mwenyewe.

Ijumaa hiyohiyo, baada ya skuli, nilisimama kwenye geti jeupe na sikupunga mkono. Nikamwambia rafiki yangu, "Mimi sikai hapa."

"Najua," akasema. "Uliruka kidato."

"Yule ni bibi yangu."

"Hilo pia nilijua. Mnanuka dawa moja." Halafu macho yakamtoka. "Na mbwa?"

"Mbwa hayuko."

Salaale! Uongo wa nyumba alinisamehe hata sijaomba, lakini mbwa! Mwaka mzima alikuwa akivuka barabara kwa ajili ya mbwa huyo, alimsomea dua mbwa huyo! Alinifokea mpaka bawabu akatoka kuangalia kuna nini. Aliposikia, yule mzee akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Nimechoka kumlaza."

Nikamshika rafiki yangu mkono, tukaenda Kibokoni. Nilimsalimu mwenye duka la mafuta ya taa kwa sauti mpaka akaruka. Chini ya ngazi nikapiga hodi.

"Karibu, mgeni," bibi akaitika kutoka juu.

Nikapanda. Alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Nikapiga magoti mbele yake, nikauchukua mkono wake wenye vumbi la mchele, nikaubusu. Nikamgeukia rafiki yangu, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka: "Huyu ni bibi yangu. Jina langu ni lake. Hapa ndipo kwetu."

Bibi aliendelea kuchambua mchele, punje mbili, tatu. Kisha akainuka, akafungua kabati, akatoa kikombe kimoja tu cha dhahabu, akamtilia chai rafiki yangu na kumkalisha kwenye kiti cha babu. "Karibu, mwanangu. Huyu ni mjukuu wangu. Jina nimempa, adabu bado."

Halafu akaniwekea mbele kikombe changu cha bati kilichobambuka. "Nawe wangoja nini? Mtungi hauna maji tangu jana."

Sikuingoja hiyo chai. Nilinyakua ndoo, nikashuka mbio, nacheka na kulia pamoja, na kidato cha tisa nikakikanyaga kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilifika chini kwa matako, ndoo ikiwa imenitangulia mpaka mlangoni.

"Umeumia?" bibi akauliza kutoka juu.

"Sikuumia, bibi."

"Basi teka maji."