Siku ya Shizuno Huanza Saa Tatu

Jirani yangu Shizuno Nakagaito alipima mvua ya kijiji chetu cha Kamitani kwa miaka thelathini na minane, na sikumwona akichelewa hata dakika moja. Saa tatu kamili asubuhi alitoka na mwavuli, akachomoa chupa ya kipimo, akaisoma, akaandika daftarini, akamwaga maji na kuanza siku mpya. Kisha akatangaza tarakimu kwenye kipaza sauti cha kijiji, kilichowekwa nyumbani kwake. Sharti letu lilikuwa moja: chupa ikifika milimita mia mbili kwa siku, wanaokaa chini ya mteremko wa mierezi wahamie shuleni. Alikuwa mkavu na mbishi, na nilimpenda.

Chini ya mteremko alikuwa amebaki mtu mmoja tu, kaka yake Toyokichi, seremala mstaafu aliyemwita dada yake Bibi Chupa mbele za watu. Kwenye sikukuu ya mavuno, mwanzoni mwa Oktoba, kaka huyo alijumlisha mvua za siku mbili ili ajisifu kwa wageni kwa wingi wa mvua yetu, na Shizuno akamgombeza hadharani: mvua ya jana ni ya jana.

Kimbunga kilikuja Oktoba ileile. Mvua ilianza mchana, ikakesha, na asubuhi chupa ilisoma mia moja themanini na saba. Shizuno akaandika, akamwaga. Nilimwona akimwaga, nikageuka kuutazama mteremko.

Saa sita nilikuwa jikoni kwake, maana paa langu lilivuja. Simu ikalia, na sauti ya Toyokichi ikafika mpaka nilipokaa.

“Bibi Chupa, ngapi?”

“Tisini na sita, kaka.”

“Basi bado. Nina matunda ya kaki hapa ya kumenya na kuanika, nikiyaacha yataoza. Ikifika mia mbili niandalie chai, nitakuja.”

Alipokata simu nikasema, “Dada, na zile za asubuhi?”

“Hizo ni za jana.”

“Mlima unajua kwamba ni za jana?”

Akafunga daftari lake. Nilikasirika, nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Saa saba na nusu alitoka kusoma tena, akarudi amelowa chapachapa, mwavuli umefungwa mkononi. Chupa ilikuwa na mia moja thelathini na moja.

“Kijito kimenyamaza,” alisema.

Kijito kile kilipita nyuma ya nyumba ya kaka yake, na tangu alfajiri kilikuwa kikinguruma. Sasa kilibaki tope linalochuruzika, ilhali mvua haikupungua hata kidogo. Huko juu udongo ulikuwa umeanza kuporomoka na kuziba maji. Nilifungua dirisha, nikanusa udongo mbichi na mizizi iliyokatika. Niliogopa, na yeye pia aliogopa.

Akashika kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akajumlisha. “Mia tatu na kumi na nane. Kaka Toyokichi, ondoka sasa hivi.”

Simu ikalia papo hapo.

“Hesabu gani hiyo? Si wewe uliyeniaibisha kwenye mavuno?”

“Nilikosea, kaka. Toka.”

“Umeingiwa na woga tu. Yamebaki matunda ishirini. Niambie za leo.”

Nilimwinulia vidole viwili usoni: mia mbili, sema mia mbili. Aliviona. Alifumbua mdomo, akaufumba, akalitazama daftari.

“Mia moja thelathini na moja,” alisema.

“Umeona?” Toyokichi akacheka, akakata simu.

Mteremko uliporomoka saa nane kasorobo. Sakafu ilitikisika chini ya miguu yetu, na tulipofika barabarani nyumba ya kaka yake haikuwapo.

Kesho yake jua liliwaka. Saa tatu kamili Shizuno alitoka na mwavuli wake, akaisoma chupa, akaandika. Kisha akaniletea ikiwa bado na maji.

“Mwaga wewe,” alisema. “Mimi mkono umekataa.”

Nami sikuweza. Tuliiacha mezani, tukaenda kuungana na waliokuwa wakifukua.